Kabla hujachagua ranibeki, soma mkataba wake

Agosti ikifika, linki za ajabu huanza kuingia kwa simu. Binamu ako Texas, rafiki mliyesoma naye sekondari ako Minnesota, na wote wanakuita kwenye ligi yao ya fantasi ya mpira wa Kimarekani. "Drafti ni Jumapili, usichelewe." Unabaki ukijiuliza ni drafti gani, maana ile unayojua ni ya vifuniko vya soda pale stejini, ambapo wazee hupigana chenga tangu asubuhi hadi jua litue.

Basi tulia. Msimu wa NFL wa 2025 ulianza Septemba 4 huko Philadelphia, Eagles waliokuwa mabingwa wakiwakaribisha Dallas Cowboys. Kwetu ilikuwa Ijumaa, saa tisa usiku na ushee. Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hivyo usitarajie hesabu za profesa hapa. Lakini kuna jambo moja kuhusu mchezo huu ambalo wengi hawakuambii, na linahusu pesa na miili ya vijana wa umri wako na wangu.

Jambo lenyewe ni hili: ukichagua ranibeki, hununui jina. Unanunua kazi. Na hakuna mfanyakazi katika NFL ambaye kazi yake huisha haraka kama yeye.

Tofauti na ile fantasi unayoijua

Kama umecheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, umezoea kupewa bajeti ya milioni 100 na kununua wachezaji 15. Wewe ukiwa na Salah, mimi naye niko na Salah, na jirani pia ako na Salah. Tunalia pamoja, tunacheka pamoja.

Fantasi ya Kimarekani haiendi hivyo. Tuseme mko kumi na wawili kwenye ligi. Mnachagua kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa, amekwenda. Duru ya kwanza inaanza kwa nambari moja hadi kumi na mbili, ya pili inarudi nyuma kutoka kumi na mbili hadi moja, kama nyoka anayejikunja. Ukiwa wa kwanza kuchagua, hutapata zamu nyingine mpaka chaguo la 24, kisha unachukua la 25 hapo hapo. Kati ya zamu zako mbili watu 22 wanaenda, na wewe unatazama tu.

Mchezo huu una umri. Ulianza 1962 na Bill Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa Oakland Raiders wakati huo, na drafti ya kwanza ikafanyika 1963. Tangu mwanzo, swali gumu limekuwa la maranibeki.

Ranibeki ni nani? Ni yule jamaa anayesimama nyuma ya kwotabeki, anakabidhiwa mpira mkononi, halafu anakimbia nao moja kwa moja kwenye ukuta wa majitu ya kilo 130 na zaidi yanayotaka kumlaza chini. Akiinuka, anapewa tena. Mara ishirini kwa siku. Wakati mwingine huchomoka pembeni na kudaka pasi fupi.

Kwenye pointi, ligi nyingi hutoa pointi moja kwa kila yadi 10, sita kwa tachidauni, na siku hizi nyingi huongeza pointi moja kwa kila pasi iliyodakwa. Fanya hesabu. Ranibeki aliyekimbia yadi 100 bila kudaka kitu wala kufunga anakupa pointi 10. Mwenzake aliyekimbia 80, akadaka pasi tano za yadi 40, akafunga mara moja, anakupa 23. Kwa hivyo usiulize tu "nani ana mbio?" Uliza nani anarushiwa mpira pia. Ndio maana De'Von Achane wa Miami, mwenye mwili mdogo, alikuwa dhahabu mwaka 2024: alidaka pasi 78.

Shida ni uhaba. Timu ziko 32, lakini timu nyingi siku hizi hugawa kazi kwa wawili au watatu. Ligi yenu ya watu 12 inahitaji maranibeki 24 wa kuanza kila wiki, achilia mbali wa akiba. Wanaopewa kazi nzima ni wachache kuliko hao. Hapo ndipo watu hupaniki na kukimbilia majina.

Mtu yule yule, ofisi tofauti

Tazama Saquon Barkley. Mwaka 2023 akiwa New York Giants alicheza mechi 14 akapata yadi 962, wastani wa yadi 3.9 kila akipewa mpira. Wengi wakasema ameisha. Mwaka 2024 akahamia Philadelphia. Mechi 16, yadi 2,005, wastani wa 5.8. Februari 2025 akawa bingwa wa Super Bowl, Eagles wakiichapa Kansas City 40 kwa 22.

Je, alipata miguu mipya? Hapana. Alipata wenzake wapya. Mbele yake walisimama kina Lane Johnson na Jordan Mailata, huyu wa pili akiwa ni Mwaustralia aliyetoka kwenye raga na kuchaguliwa duru ya saba mwaka 2018. Hao ndio hufungua njia. Pembeni yake alikuwa na kwotabeki Jalen Hurts, ambaye naye hukimbia, kwa hivyo walinzi hawakujua wamfuate nani.

Hata hapo kuna kodi. Mpira ukifika yadi moja kutoka mstarini, Eagles humsukuma Hurts mwenyewe kwa nguvu za kundi zima. Mwaka 2024 Hurts alifunga tachidauni 14 za kukimbia, Barkley 13. Yaani Barkley analima shamba kutoka asubuhi, halafu bosi anakuja jioni kuvuna pale karibu na ghala. Kwenye fantasi hizo ni pointi sita zako zinaenda kwa mtu mwingine.

Funzo: kabla ya kumchagua ranibeki, chunguza ofisi yake. Nani anamfungulia njia? Timu inafunga pointi nyingi au inahangaika? Nani anapewa mpira karibu na mstari? Akichoka, nani anaingia?

Mwili una mita

Hapa ndipo mambo huwa mazito. Historia ya NFL ina watu tisa tu waliopita yadi 2,000 kwa msimu mmoja. Rekodi ni ya Eric Dickerson, yadi 2,105 mwaka 1984. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefika 2,000 mara mbili.

Terrell Davis wa Denver alipata 2,008 mwaka 1998. Mwaka uliofuata goti likaharibika baada ya mechi nne. Derrick Henry alipata 2,027 mwaka 2020. Mwaka uliofuata mguu ukavunjika, akacheza mechi nane tu za msimu wa kawaida. Barkley mwaka 2024, ukijumlisha mechi za mtoano, alikabidhiwa mpira zaidi ya mara 430. Mwaka 2025 akachaguliwa miongoni mwa watano wa kwanza. Sisemi umkimbie. Nasema ujue unanunua gari lenye kilomita ngapi.

Christian McCaffrey ni mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 2023 alikuwa mchezaji bora wa mashambulizi wa ligi nzima: yadi 1,459 za kukimbia na tachidauni 21 kwa jumla. Agosti iliyofuata akawa chaguo la kwanza kwenye drafti nyingi mno. Kisha kano za kisigino zikamsumbua, halafu goti. Alicheza mechi nne. Waliomchagua walitumia chaguo lao bora kununua kitanda cha hospitali.

Kuna wanaokataa kanuni hii. Huyo huyo Henry, akiwa na miaka 30, alikimbia yadi 1,921 mwaka 2024 akiwa Baltimore. Frank Gore alicheza misimu 16. Lakini usipange maisha yako kwa kumtazama Henry. Jamaa ana mwili wa lori. Kwa kila Henry mmoja kuna wengi ambao umri wa miaka 27 uliwakuta tayari mlangoni wakifunga virago.

Soma mkataba

Sasa fuata pesa. Mchezaji akichaguliwa kutoka chuoni, anapewa mkataba wa miaka minne, na hawezi kuomba mpya mpaka amalize misimu mitatu. Aliyechaguliwa duru ya kwanza, klabu inaweza kumwongezea mwaka wa tano ikitaka yenyewe. Baada ya hapo, klabu bado ina chombo kingine: kumfunga kwa mwaka mmoja mmoja kwa bei iliyowekwa, asiende sokoni. Mwaka 2023 bei hiyo kwa ranibeki ilikuwa takriban dola milioni 10.1.

Milioni kumi za dola? Najua, wewe na mimi tungetia sahihi hata kwa kijiti cha meno. Lakini angalia mpangilio. Ranibeki huwa bora kabisa akiwa na miaka 22 hadi 26. Miaka hiyo ndiyo klabu inamlipa bei iliyopangwa kabla hajacheza hata mechi moja. Akifika wakati wa kudai bei ya soko, anaambiwa mwili wake umetumika sana. Uliotumiwa na nani? Na hao hao.

Le'Veon Bell wa Pittsburgh alikataa mchezo huo. Mwaka 2018 akakaa nyumbani msimu mzima na kuacha zaidi ya dola milioni 14. Nafasi yake ikachukuliwa na James Conner, mbadala ambaye watu wengi walikuwa hawamjui, akafunga tachidauni 12 za kukimbia. Kwa wachezaji wa fantasi, Conner alikuwa zawadi ya mwaka. Kwa maranibeki wote, alikuwa ushahidi uliotumika dhidi yao: mnaona, mtu yeyote anaweza kufanya kazi hii.

Todd Gurley alifuata njia nyingine. Alikuwa mchezaji bora wa mashambulizi mwaka 2017, na Julai 2018 Rams wakampa mkataba mpya wa zaidi ya dola milioni 57. Machi 2020 wakamwachilia, goti likiwa limechoka. Alicheza msimu mmoja Atlanta na basi. Alikuwa na miaka 26. Kuna watu wa umri huo hapa Nairobi bado wanatafuta intanshipu ya kwanza.

Julai 2023 maranibeki wakubwa walikutana kwenye simu ya Zoom iliyoitishwa na Austin Ekeler kujadili mishahara yao. Ilikuwa kama chama cha wafanyakazi ndani ya chama cha wafanyakazi. Mwaka huo huo Jonathan Taylor wa Indianapolis aliomba kuhama, akakosa mechi nne za kwanza, kisha Oktoba akapewa miaka mitatu kwa dola milioni 42. Aliyemmiliki Taylor kwenye fantasi alilia mwezi mzima. Aliyekuwa amemchukua Zack Moss, msaidizi wake, alicheka.

Na Agosti 2025 tukaona tena. James Cook wa Buffalo alifunga tachidauni 16 za kukimbia mwaka 2024, akilingana na Henry na Jahmyr Gibbs kileleni. Akiwa mwaka wa mwisho wa mkataba wake wa kwanza, alikaa pembeni mazoezini mwanzoni mwa Agosti akidai alipwe vizuri. Agosti 13 Buffalo wakampa miaka minne, kati ya dola milioni 11 na 12 kwa mwaka.

Ungesoma maneno ya mashabiki wakati ule ungedhani Cook ameiba kitu. "Anatuharibia drafti." "Acha kelele, cheza." Lakini Cook ana kaka anayeitwa Dalvin. Dalvin alikuwa ranibeki wa Minnesota, akapita yadi 1,000 misimu minne mfululizo. Juni 2023, akiwa na miaka 27, akaachiliwa. Akaenda New York Jets, akapata yadi 214 kwa msimu, bila tachidauni hata moja. James aliyaona hayo yote akiwa mezani pamoja na familia. Alipokaa pembeni mazoezini hakuwa na kiburi. Alikuwa amesoma saa.

Huu ndio ukweli ninaotaka ubaki nao. Fantasi hutufundisha kumwona mtu kama mwenye klabu anavyomwona: ni kifaa, kikiharibika tupa, leta kingine. Unaweza kucheza hivyo na ukashinda. Lakini jiulize ungependa nani akusome hivyo wewe. Anayebeba mawe kwa mjengo analipwa kwa siku, mgongo ukiuma kesho hakuna siku. Wa boda analipwa kwa safari. Wa delivari programu ikimfungia, basi. Tunajua vizuri kuuza mwili kwa bei ya ujana. Ranibeki ni sisi, ila ana sufuri nyingi zaidi kwenye hundi.

Na kuna faida ya kibiashara kwenye kuelewa hili, si huruma tupu. Habari za mkataba ni habari za fantasi. Klabu ikimpa mtu pesa za uhakika, itampa mpira. Ikimwacha amalize mkataba bila mazungumzo huku ikichukua kijana mpya kwenye drafti ya vyuo, imekuambia mpango wake kabla ya kocha kufungua mdomo. Raiders walimchukua Ashton Jeanty nambari sita Aprili 2025 baada ya kijana huyo kukimbia yadi 2,601 chuoni Boise State. Huwezi kumchukua mtu nambari sita umweke benchi. Atapewa kazi.

Sasa nifanyeje Jumapili?

Ukiwa na chaguo la kwanza, hakuna aibu kumchukua Ja'Marr Chase, ambaye ni mpokeaji wa Cincinnati. Mwaka 2024 alidaka 127, yadi 1,708, tachidauni 17, akaongoza ligi kwa yote matatu. Wapokeaji huvunjika pia, lakini hawagongwi mara ishirini kwa siku.

Ukikosa yeye, mimi ningetazama vijana wawili wa drafti ya 2023, Bijan Robinson wa Atlanta na Gibbs wa Detroit. Robinson alikimbia yadi 1,456 mwaka 2024 na kudaka pasi 61. Gibbs alifunga mara 20 kwa jumla. Mwaka 2025 wote walikuwa ndani ya mikataba yao ya kwanza, miili bado mibichi, na wote hudaka. Angalia tu kwamba mwaka 2024 Gibbs aligawana kazi na David Montgomery.

Barkley na McCaffrey ni wa kuchukuliwa ukijua hatari. Ukimchukua mmoja, duru za mwisho mchukue pia msaidizi wake. Wamarekani wanamwita pingu, kwa sababu unamfunga mtu wako naye. Bosi akianguka, pingu ndiye anayeingia kazini. Kumbuka Conner.

Henry akibaki hadi duru ya pili, mchukue na uombe Mungu. Josh Jacobs wa Green Bay, yadi 1,329 na tachidauni 15 mwaka 2024, ni mfanyakazi wa kweli asiyepigiwa kelele. Cook naye amelipwa, hasira imeisha, na hakuna tena kisingizio cha kumkimbia.

Kuna wanaofuata mkakati wa kuruka maranibeki kabisa mwanzoni. Wanajaza wapokeaji, kisha duru za chini wanaokota maranibeki watano au sita wa nafasi ya pili na kungoja majeraha yafungue milango. Mkakati huo una akili, lakini unahitaji uwe macho kila wiki. Kama wewe ni wa kusahau timu mwezi mzima, mchukue ranibeki mmoja wa uhakika katika duru mbili za kwanza, halafu ujenge kwa wapokeaji.

Na mambo ya saa usiyadharau. Mechi za kwanza za Jumapili ni saa mbili usiku kwetu, na majina ya wasiocheza hutangazwa dakika 90 kabla, yaani saa kumi na mbili na nusu jioni. Wenzako Marekani wakati huo ndio wanakunywa chai. Wewe weka kengele, hakikisha ranibeki wako anacheza, kisha endelea na shughuli zako. Kuanzia Novemba, wakirudisha saa zao nyuma, ongeza saa moja.

Kama bado unauliza mchezo huu unatuhusu nini, Daniel Adongo, Mkenya mwenzetu, alitoka kwenye raga akaichezea Indianapolis Colts mwaka 2013, na 2023 NFL yenyewe ilileta kambi ya kusaka vipaji hapa Nairobi. Kesho anaweza kuwa mtoto wa mtaani kwenu anayekabidhiwa mpira mara ishirini. Siku hiyo, kabla hujamchagua, soma mkataba wake. Na akikaa pembeni kudai haki yake, muache adai. Wewe jipange na pingu.